Pampu ya vakumu ya shilingi 3,200: mshale haufiki 30, na bado sitairudisha

Nianze na mshale, maana ndio ulionirudisha dukani siku ya pili nikiwa nimekunja uso. Geji ya pampu hii ya mkono ya kutoa hewa, niliyoinunua kupimia vali ya gari langu, imeandikwa mpaka 30. Nikaziba mdomo wa bomba lake la mpira kwa kidole gumba, nikaminya mpini mara kumi, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mkono ukaanza kuuma. Mshale ulipanda vizuri hadi 23 hivi, kisha ukagoma hapo kama punda aliyekataa kuvuka daraja. Nikajua nimeuziwa feki.

Kijana wa duka la spea hapa Nakuru alinitolea nyingine, nayo ikagoma palepale. Ya tatu, palepale. "Mama, zote ziko hivyo," akaniambia, nami nikamjibu kwamba basi zote ni mbovu. Niliondoka na ile ya kwanza kwa sababu tu kesho yake nilikuwa na safari ya Kisumu na sikuwa na muda wa kubishana.

Huko Kisumu ndiko jibu lilikokuwa. Nilikuwa Mamboleo kwa mteja, nasubiri amalize kuhesabu, nikaichomoa pampu kwenye boksi lake nikaijaribu tena kwa kidole kilekile. Ikafika 25. Jioni, nikirudi, nilisimama Mau Summit kununua viazi. Nikajaribu tena: 21. Muuza viazi alinitazama kana kwamba najipima presha.

Nilipotulia nikaelewa. Pampu haivuti kwa nguvu zake yenyewe. Inatoa hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Hizo namba za geji ni inchi za zebaki, yaani urefu wa zebaki ambao uzito wa hewa ya mahali ulipo unaweza kuuinua. Pwani ni karibu inchi 30. Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ni inchi 26. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni inchi 24 tu. Pampu yoyote ya mkono huishia chini kidogo ya kiwango hicho. Kwa hivyo pampu yangu ilikuwa inasema kweli kila mahali nilipoibeba. Ukiwa Nakuru halafu geji ikakuonyesha 29, hapo ndipo ulalamike.

Nimeyasema haya mapema kwa sababu najua wengi mtaisoma hiyo 23 kama mimi nilivyoisoma, na mtairudisha pampu nzima.

Sasa, kwa nini mama wa vifaranga anunue pampu ya vakumu. Kazi yangu ni kusafirisha vifaranga wa siku moja kutoka Nakuru kwenda kwa wafugaji wa Kericho, Ahero na Kisumu. Wanakaa kwenye maboksi yenye matundu, kila boksi mia moja, wamegawanywa kwa vyumba vinne vya 25. Nyuma ya Prado yangu wanaingia vizuri nikishalaza viti. Ni Prado ya 1999, dizeli, injini ile ya 1KZ ya lita 3, na nimeizoea kuliko ninavyozoea watu. Kifaranga wa siku moja anaweza kuvumilia njaa siku mbili, kwa kuwa bado ana akiba ya kiini tumboni. Moshi hawezi. Mwezi wa tatu gari lilianza kutoa moshi mweusi ti kila nikiukaribia mlima baada ya Salgaa. Nikikanyaga, halivuti. Nikishusha gia, linakohoa. Nikiwa nimesimama, injini inatetemeka mpaka maboksi yanacheza, na wale vifaranga 800 wanapiga kelele nyuma kama shule iliyopewa likizo.

Karakana moja, sitaitaja, ilisema ni nozeli, zile za kunyunyiza dizeli. Nikalipa shilingi 18,000. Moshi ukarudi wiki ileile. Karakana ya pili ikasema ni turbo na kunitajia 65,000. Si kwamba turbo haiwezi kuwa mbaya, au nozeli. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Walifungua boneti, wakasikiliza, wakainamisha kichwa kama mganga, wakataja bei.

Fundi mmoja wa jua kali upande wa Free Area ndiye aliyetaja EGR. Hakuwa na cha kupimia, lakini alikuwa mkweli kuliko wale wa kwanza: "Mathe, mimi nashuku tu. Ukipata pampu ya vakumu tutajua." Ndiyo nikaenda kuitafuta.

Kwa wasioijua, EGR ni njia, yenye vali ya kuifungua na kuifunga, inayochukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha injini pamoja na hewa mpya. Utauliza ni wazimu gani huo, kumlisha mtu alichotapika. Sababu ni joto. Moshi ule hauna oksijeni nyingi ya kuunguza tena, kwa hivyo unakaa ndani ukinywa joto na kupunguza makali ya moto. Moto ukizidi ukali, nitrojeni na oksijeni za hewa zinashikana na kuzaa zile gesi zinazochoma koo na kuchafua hewa ya mjini. Magari ya Marekani yalianza kuwekewa vali hizi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Wajapani nao wakafuata.

Taabu ya dizeli ni masizi. Moshi unaorudi una masizi, na mvuke unaotoka tumboni mwa injini una oili. Viwili hivyo vikikutana kwenye njia nyembamba miaka ishirini na kitu, unapata lami.

Kwenye Prado yangu vali inaendeshwa na vakumu, hakuna mota. Juu ina kofia ya bati, na ndani ya kofia kuna kiwambo cha mpira na springi. Vakumu ikivuta kiwambo, shina linapanda na njia inafunguka. Vakumu ikiondoka, springi inalirudisha na njia inafungwa. Ukipanda mlima inatakiwa iwe imefungwa ili injini ipate hewa safi yote. Ikikwama wazi, injini inapanda Mau ikivuta pumzi ya moshi wake. Dizeli inaingia nyingi, oksijeni haitoshi, kinachotoka nyuma ni wingu.

Upimaji tulifanyia nyumbani kwangu Jumapili, mimi na shemeji yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi na kudharau. "Shemeji, hii si ya kupimia presha ya wazee?" Nikamwambia ashike tochi.

Kwanza injini ikiwa imezimwa na baridi. Nilichomoa mpira mwembamba kwenye kofia ya vali, nikachomeka wa pampu, nikaminya hadi 10. Kisha nikatazama mshale kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Haukushuka hata nusu. Maana yake kiwambo hakijatoboka. Hapo tayari nilikuwa nimeokoa pesa, kwa sababu kiwambo kikitoboka huwezi kukibandika, unatafuta vali nyingine, na ya gari la umri huu unaipata kwa waliovunja gari lao.

Pili, injini ikiwaka na imeshapata moto. Ule mpira wa gari niliuziba kwa skrubu nene ili vakumu isivuje, nikaunganisha pampu, nikaminya. Ukivuta vakumu injini ikiwa inanguruma polepole, sauti inapaswa kubadilika: inazama, inatetemeka, pengine inazima kabisa, kwa sababu umeilisha moshi ghafla. Ukiachilia kile kitufe kidogo pembeni ya pampu, unasikia vali ikigonga kiti chake, pale inapofungia, "tak", na injini inatulia.

Yangu haikubadilika. Niliminya hadi 15, ikaendelea kutetemeka kwa mtetemeko uleule. Nikaachilia. Hakuna tak.

Hapa ndipo pampu inapotaka akili ya mtu, na ndipo wengi wanapoikosea. Injini isipobadilika, kuna habari mbili tofauti kabisa. Ama njia imeziba kwa masizi na hakuna moshi unaopita hata vali ikifunguka. Ama vali tayari iko wazi, imekwama, na wewe unafungua mlango uliokwisha kufunguliwa. Pampu haitakwambia ni ipi. Mtetemeko wa gari likiwa limesimama na ule moshi mweusi vilinionyesha ya pili, lakini ilibidi kufungua ili kujua.

Nilizima injini, na kwa haraka yangu nikaingiza mkono kabla haijapoa. Alama kwenye kifundo cha mkono bado ninayo, duara kama sarafu ya shilingi. Ngoja saa moja. Unywe chai.

Spana ya 12 ilitosha. Vali ilipotoka, shemeji alinyamaza. Shina lilikuwa limenata juu, limezungukwa na masizi magumu, meusi, yanayong'aa, kama ukoko wa sufuria iliyosahaulika jikoni. Ukiishika vali kuelekea juani, mwanga unapita kwenye kiti chake. Na ule mlango kwenye manifoldi, yaani bomba linaloigawia injini hewa, ambao ulipaswa kupitisha vidole viwili, ulikuwa unapitisha kidole cha mwisho peke yake, tena kwa kusukuma. Tulikwangua kwa bisibisi ya zamani na kijiko. Tulijaza nusu kikombe.

Dawa ya kusafishia kabureta ilifanya kazi nzuri kwenye chuma. Angalia tu isiingie kwenye kofia, maana inaharibu mpira wa kiwambo. Mimi niliishika vali kofia ikiwa juu, nikapulizia kidogo kidogo na kufuta kwa kitambaa. Tukawa tunachezesha shina kwa pampu, vuta, achia, vuta, achia, huku masizi yakidondoka. Mara ya tisa au ya kumi nikasikia tak. Shemeji akasema, "Rudia." Tak. Aliichukua pampu mkononi mwangu akacheza nayo dakika tano kama mtoto.

Kabla ya kuirudisha nilimimina dizeli kidogo juu ya kiti kilichofungwa nikasubiri kuona kama itapenya. Ilitona tone moja kwa muda mrefu. Nikaona inatosha kwa gari la umri wake.

Tulipowasha, injini ilitulia hata nikadhani imezima. Nikavuta vakumu kwa pampu, ikatetemeka kama mtu wa malaria. Nikaachia, ikatulia. Sasa nilikuwa nimeiona dalili ya uzima kwa macho yangu.

Kazi haikuishia hapo, na hapa ndipo pampu ilinishangaza zaidi. Injini ya dizeli haina vakumu ya maana kwenye manifoldi, kwa hivyo gari huwa na pampu yake ndogo inayozungushwa na injini, ileile inayosaidia breki. Nikachukua pampu yangu kama geji tu, bila kuminya, nikaiunganisha kwenye mpira unaotoka huko. Ilisoma 21. Nzuri. Nikasogea mpaka baada ya solenoidi, kiswichi cha umeme kinachoigawia vali vakumu, na nikiongeza mafuta kidogo mshale unaruka na kuanguka ovyo. Solenoidi niliipima waya zake kwa mita ya umeme ya shilingi 900, haikuwa imekatika. Kosa lilikuwa mpira mwenyewe: mwisho wake umepasuka kwa joto, ufa ambao huuoni mpaka uukunje. Nilikata sentimita mbili, nikauchomeka tena. Mshale ukaacha kurukaruka.

Hesabu yangu yote: pampu 3,200, gasketi 450, dawa 600, mita 900. Shilingi 5,150, na pampu na mita bado ninazo. Wiki iliyofuata nilipanda kutoka Salgaa na maboksi manane bila kutazama kioo cha nyuma. Vifaranga hawakufa hata mmoja, ingawa hilo siwezi kumpa sifa pampu peke yake.

Fundi wa Free Area alipoona kile kikombe cha masizi alinishauri nizibe kabisa, nikate kibati cha kopo la Kasuku, la mafuta ya kupikia, nikiweke katikati ya gasketi, nisisumbuke tena. Ushauri huu utaupata kila kona, Nakuru na Kisumu sawa. Sitamtukana anayeufuata, kweli masizi yatapungua. Lakini joto la ndani litapanda, na gesi ile itatoka yote kwa wanaotembea nyuma yangu pale Kondele, na sheria ya ubora wa hewa tunayo hata kama hakuna anayenisimamisha. Kibati chenyewe cha kopo kinaungua baada ya muda kikaacha tundu la ajabu. Mimi nimeamua kuifungua na kuisafisha kila mwaka. Ni Jumapili moja.

Sasa ubaya wa pampu, maana upo. Kishikizo cha boksi kilivunjika wiki ya pili. Mpira uliokuja nayo ni mgumu, asubuhi ya baridi ya Molo unakuwa kama waya, na ukiukunja unavuja kwenye kiunganishi na kukudanganya kwamba kiwambo kimetoboka. Kabla ya kuilaumu vali, ziba mdomo wa pampu yenyewe kwanza. Mwezi wa nne mshale ulianza kushuka wenyewe. Nikafungua, nikapaka grisi ya silikoni kwenye pete ya mpira ndani, ikapona. Wale wanaouza zenye mwili wa plastiki kwa 1,800 waachieni, nimeshika moja dukani na mpini wake unapinda ukiminya.

Na isikuhadae kwamba inapima kila gari. Jirani yangu mwenye Probox alikuja mbio nimpimie EGR. Tulizunguka boneti mpaka tukakubali kwamba injini ile ya petroli, 1NZ, haina vali hiyo kabisa. Mfumo wake wa VVT-i unabakiza moshi kidogo ndani kwa kucheza na wakati wa vali za injini kufunga na kufungua. Alisikitika kama aliyekosa mgao. Mwingine alikuja na Mazda CX-5 ya dizeli. Vali yake inasukumwa na mota ya umeme, hapo pampu yangu ni pambo. Gari kama hilo linataka skana, mashine ya kusoma namba za makosa kwenye kompyuta ya gari, na skana ikikupa P0401 inasema tu kwamba moshi unaorudi ni mdogo kuliko kompyuta inavyotarajia; P0402 ni kwamba umezidi. Haisemi ununue vali. Ile P0401 inaweza kuwa masizi matupu, na nimeona watu wakiuziwa vali mpya kwa hiyo namba moja, kisha masizi yakabaki palepale kwenye manifoldi.

Lakini kama una dizeli ya Kijapani ya miaka ya tisini, Prado, Surf, Hiace za zamani, na kwenye vali unaona kofia ya bati yenye mpira mwembamba juu yake, hii pampu ni yako. Ya chuma. Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya mpira mgumu na kishikizo.

Ukienda kununua, usiogope kuipima dukani. Ziba kwa kidole, minya mpaka igome. Nakuru ni 23 hivi, Kisumu 25. Kisha subiri dakika moja bila kuachia kidole. Ukiona mshale unashuka, mrudishie, achukue nyingine.

Yangu ilikuja na viunganishi vinne. Sasa viko vitatu. Shemeji alikuja kuiazima kutolea hewa kwenye breki za pikapu yake, na anasema hicho cha nne hakijui.